Mita Moja, Vyumba Sita: Jinsi ya Kupunguza Umeme na Majirani Bila Kugombania LUKU

Kila ninapoeleza namna sisi wapangaji sita tunavyotumia mita moja bila ugomvi, jibu ninalopewa ni lilelile: "Hata sisi tulijaribu, ikavunjika mwezi wa pili." Nikiuliza walianzaje, nakuta walianzia mwisho. Walikaa kikao, wakapiga marufuku pasi, wakampandishia mchango mwenye friji, kisha wakagawana kilichobaki sawa kwa sawa. Hakuna aliyepima kitu.

Mkigawana sawa kwa sawa, anayezima taa yake anamlipia anayelala na sabufa ikiwaka. Baada ya wiki mbili naye anaacha kuzima. Simlaumu. Mtu akiona kujibana kwake hakumpunguzii hata shilingi mia, atajibana kwa ajili ya nini?

Mwongozo huu ni wa nyumba za kupanga zenye mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, zile za koridoo katikati na choo uani, zilizojaa Tandika, Manzese, Mbagala na kila mji wetu. Kazi yote inachukua wiki tano. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya pili au ya tatu, utarudi palepale ulipokwama.

## Mahitaji

- Daftari gumu la kaunta, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isitembee.
- Simu yenye kamera na saa ya kuhesabu sekunde.
- Mtunza daftari mmoja, na mwingine wa kushika nafasi yake akisafiri. Asiwe mwenye nyumba, na asiwe mtu anayedaiwa na nusu ya wapangaji.
- Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Usimkubali kijana wa mtaani anayejua "kuunganisha tu".
- Mita ndogo za ndani, moja kwa kila chumba. Kama hela haipo sasa, anzeni bila hizo; nitaeleza njia ya mpito.
- Balbu za LED za wati 5 hadi 9 kwa koridoo, choo na nje.
- Chupa ya chai nzuri, na karatasi moja ya kupimia mpira wa friji.

Jueni pia bei mnayonunulia. Mteja wa kawaida, yaani kundi la T1, analipa shilingi 292 kwa uniti (kilowati-saa moja, kWh) kabla ya makato. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, na yote hayo yanaonekana kwenye ujumbe wa tokeni, ile namba mnayoingiza kwenye mita. Jumla inafika shilingi 356 kwa uniti, ndiyo maana elfu kumi inaleta uniti 28 hivi. Bei ikibadilishwa, badilisheni namba hiyo moja kwenye daftari. Hesabu nyingine zote zinabaki vilevile.

## Hatua ya 1: Kikao kimoja, bila sheria hata moja

Kaeni jioni, wote, dakika ishirini zinatosha. Ajenda ni moja: kukubaliana kwamba kwa siku 14 mtapima tu. Pasi ruksa, friji ruksa, kila mtu aishi kama kawaida.

Sababu yake ni hii. Ukianza na makatazo kabla ya namba, kila mtu atamnyooshea kidole mwenye kifaa kinachoonekana, na kwa kawaida ni mwenye friji. Huyo atajitetea, atakasirika, na hamtapata ushirikiano wake tena. Kwetu tulimsema sana mama wa chumba cha pili kwa ajili ya friji lake. Tulipokuja kupima, chumba kilichokuwa kinakula zaidi kilikuwa kingine kabisa, na ilibidi tumwombe radhi.

Angalia: mwenye nyumba apewe taarifa tangu siku hiyo, kwa heshima, hasa kama anaishi hapohapo. Baadaye mtahitaji ruhusa yake ya kumwita fundi.

Mmefanikiwa kama: kila chumba kimetaja mtu wake mmoja wa kuwajibika, na mmechagua saa ya kusoma mita. Sisi tulichagua saa moja usiku kila Jumapili, kwa kuwa ndipo wengi wako nyumbani.

## Hatua ya 2: Pima siku 14 bila kubadili chochote

Mita ya LUKU inaonyesha uniti zilizobaki, si mlizotumia. Hapa wengi wanapotea. Kupata matumizi, chukua uniti zilizokuwepo mwanzo wa wiki, jumlisha mlizonunua, toa zilizobaki mwisho wa wiki.

Mfano: Jumapili ya kwanza mita inasoma 18.4. Katikati ya wiki mnaingiza tokeni ya uniti 56.2. Jumapili ya pili inasoma 11.1. Mmetumia 18.4 + 56.2 − 11.1, yaani uniti 63.5.

Andika tarehe, saa, namba, na sahihi ya mtu wa pili aliyeiona. Piga picha ya mita. Sahihi ya mtu wa pili inaonekana jambo dogo, lakini ndiyo iliyotuokoa siku kijana mmoja alipodai namba imepikwa.

Angalia: hesabuni kwa uniti, msihesabu kwa shilingi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Ndiyo sababu manunuzi ya kwanza ya mwezi yanaleta uniti chache, na watu wanaanza kumtilia shaka aliyenunua. Elfu kumi ya kwanza inaweza kuleta uniti 24 badala ya 28. Hakuna aliyeiba. Na kodi hiyo ni deni la mwenye nyumba, si la mpangaji: iandikeni pembeni mumwombe aikate kwenye kodi ya pango.

Mmefanikiwa kama: mna namba mbili za wiki, na zinakaribiana. Zikipishana sana, tafuteni sababu: mgeni, msiba, au siku kadhaa za umeme kukatika. Ongezeni wiki ya tatu ya kupima.

## Hatua ya 3: Tafuta umeme usio na mwenyewe

Hii ndiyo hatua ninayowasihi msiiruke. Katika nyumba za zamani kuna umeme unaoliwa na hakuna anayeutumia. Unavuja kwenye waya uliochubuka, au unakwenda kwenye taa iliyosahaulika nyuma ya choo, au jirani wa ukuta wa pili amevutiwa waya enzi za mpangaji aliyehama.

Kipimo chake hakina gharama. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima kila umeme unapopita. Pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 au 1600, ikifuatiwa na imp/kWh. Maana yake, taa ikiwaka mara hizo, uniti moja imekwisha.

Fanyeni hivi:

1. Chagueni usiku, wote wakiwa nyumbani.
2. Kila chumba kizime taa na kichomoe kila kitu kwenye soketi: chaja, king'amuzi, ekstensheni, friji. Kuzima swichi tu hakutoshi, chomoeni.
3. Breka kuu ibaki imewashwa.
4. Simameni mbele ya mita dakika kumi, mkihesabu taa imewaka mara ngapi.

Taa isipowaka hata mara moja, nyumba yenu ni safi. Katika mita nyingine taa inabaki imewaka moja kwa moja pasipo umeme kutumika. Hiyo nayo haina shida. Tatizo ni ile inayowaka, ikazima, ikawaka tena.

Kujua ni wati ngapi, chukua idadi ya kuwaka kwa dakika moja, zidisha kwa 60,000, gawanya kwa namba iliyoandikwa kwenye mita. Mita ya 1000 ikiwaka mara kumi kwa dakika, ni wati 600.

Kwetu tulisimama koridoo gizani, watoto wakihesabu kwa sauti. Nyumba nzima kimya, hata friji limenyamaza. Taa ikawaka. Tukangoja. Sekunde sitini baadaye ikawaka tena, na tena, kila dakika mara moja, kama mtu anayepumua usingizini. Kwa mita yetu ya 1000 hizo ni wati 60. Zidisha kwa saa 24 na siku 30, utapata uniti 43, zaidi ya shilingi 15,000 kwa mwezi. Tulikuwa tunagombana sisi kwa sisi kwa ajili ya chaja za simu.

Kutafuta panapovuja, zimeni breka moja baada ya nyingine, mkiangalia mita kila mara. Kuwaka kukikoma, mmeujua mstari wenye shida. Wetu ulikuwa wa bafuni. Fundi alipofunua dari alikuta waya umelalia ukingo wa bati, gamba limelika, shaba inaonekana. Ndipo tukaelewa kwa nini mlango wa bati wa bafu ulikuwa "unapiga" mtu mwenye mikono mibichi. Tulikuwa tumeuzoea! Watoto walikuwa wanaufungua kwa kandambili.

Angalia, tena kwa makini: kazi yenu ni kuhesabu na kuzima breka, basi. Msifunue dari, msiguse waya, msifungue boksi la mita wala kugusa lakiri zake. Ukuta, bomba au bati likimpiga mtu shoti, zimeni breka kuu saa hiyohiyo na muite fundi kabla ya yeyote kuoga. Mkikuta waya unaotoka kwenda nyumba nyingine, msiukate wenyewe. Mwiteni mwenye nyumba na fundi auondoe.

Mmefanikiwa kama: mnarudia kipimo baada ya matengenezo, na ndani ya dakika kumi taa haijawaka.

## Hatua ya 4: Kila chumba kiwe na namba yake

Njia ya uhakika ni mita ndogo. Fundi anazifunga baada ya mita kuu ya TANESCO, shirika la umeme, ndani ya nyumba, moja kwa kila chumba, pamoja na moja ya vitu vya wote: taa za nje, koridoo, choo, na pampu ya maji kama ipo. Ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Andikeni pia nani anazimiliki mtu akihama. Sisi tulikubaliana kwamba ni za nyumba, na mwenye nyumba akachangia nusu. Aliona wapangaji wasiogombana hawahami ovyo.

Mita hizi zinahesabu kwenda mbele, hazishuki kama LUKU. Unasoma leo, unasoma wiki ijayo, unatoa.

Angalia: jumlisheni mita ndogo zote mlinganishe na matumizi ya mita kuu. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ikizidi asilimia 5, kuna kitu kimeunganishwa kabla ya mita ndogo, au fundi amebadilisha nyaya za vyumba viwili. Lilitupata hilo la pili. Chumba cha tano na cha sita walilipiana mwezi mzima. Jaribio lake ni rahisi: zimeni vyumba vyote, washeni pasi chumba kimoja, muone ni mita ipi inayotembea.

Kama mita ndogo bado, njia ya mpito ni wati mara saa. Kila kifaa kina wati zake zimeandikwa chini au nyuma. Wati zidisha kwa saa za siku, gawanya kwa 1,000, hizo ni uniti. Vifaa vya kawaida nyumbani viko hivi:

- Balbu ya LED: wati 9. Saa tano kwa siku hazifiki hata uniti 0.05.
- Feni: wati 50 hadi 75. Usiku mzima wa saa nane ni nusu uniti hivi.
- Televisheni bapa ya inchi 32: wati 40 hadi 60.
- Pasi: wati 1,000 au zaidi.
- Jagi la umeme: wati 1,500 na kuendelea, ila kwa dakika chache. Lita moja na nusu ikichemka inakula uniti 0.13.
- Jiko la koili: wati 1,000 hadi 1,500, kwa saa nzima nzima. Hili ndilo mla uniti mkuu wa nyumba za kupanga, na kwa kuwa linawekwa chini ya kitanda mchana, hakuna anayelitaja kikaoni.
- Friji: usitumie wati zilizoandikwa, kwa sababu linawaka na kujizima lenyewe. Lipime peke yake usiku kwa njia ya kuhesabu taa ya mita kwa saa moja kamili.

Mmefanikiwa kama: kila mpangaji anaweza kutaja namba yake ya wiki bila kufungua daftari. Mkifika hapo mtashangaa: matumizi yanaanza kushuka kabla hamjakubaliana kupunguza chochote.

## Hatua ya 5: Punguzeni yale ambayo mtu mmoja hawezi peke yake

Kuzima taa kila mtu anajua. Hapa naeleza yanayohitaji majirani.

Taa za nje kwanza. Balbu ya zamani ya wati 60 ikikesha saa 12 inakula karibu uniti 22 kwa mwezi. LED ya wati 9 inakula 3 na kidogo. Tofauti ni zaidi ya shilingi 6,500 kwa balbu moja tu. Nunueni kwa mchango wa wote, siku hiyohiyo. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuizima asubuhi. Kwetu ni yule anayewahi daladala za saa kumi na moja alfajiri.

Friji. Vyumba viwili vyenye mafriji mawili nusu tupu vinaweza kutumia moja. Friji dogo la zamani kwa joto la Dar linamaliza uniti moja kwa siku kwa urahisi, kwa hiyo kuzima moja ni uniti 30, shilingi 10,680 kwa mwezi. Lakini hili ni jambo la kuaminiana, na sisemi ni jepesi. Lililotusaidia ni mabeseni ya plastiki yenye rangi tofauti ndani ya friji, na kufungua mara mbili, asubuhi na jioni. Asiyetaka aachwe. Mita yake itazungumza naye.

Kabla ya kuchagua friji la kubaki, fanyeni kipimo cha karatasi: ibane karatasi mlangoni, ivute. Ikitoka bila kukinza, mpira umechoka na baridi inatoka usiku na mchana. Pima pande zote nne. Sogezeni friji mbali na ukuta upana wa kiganja ili joto la nyuma lipate pa kutokea, na msilipakane na jiko. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, yeyusheni. Msiibandue kwa kisu. Tundu moja kwenye bomba la gesi na friji limekwisha.

Pasi. Pasi ya wati 1,000 inatumia dakika tatu kupata moto kabla haijagusa nguo. Vyumba sita vikipasha kila asubuhi siku 26 za mwezi, kupasha peke yake kunafika karibu uniti 8. Sisi tuna siku ya pasi, Jumapili mchana. Pasi moja inazunguka, wanaanza wenye nguo nzito, na vitambaa laini vinamalizia moto uliobaki baada ya kuchomoa. Kifaa kichomekwe kwenye soketi ya ukutani, si ekstensheni nyembamba iliyozungushwa kama kamba. Ikichemka inashika moto.

Maharage. Kilo moja ya maharage makavu kwenye jiko la koili ni saa mbili au zaidi, uniti mbili zimekwenda. Yakilowekwa usiku na kupikwa kwenye jiko la presha la umeme, letu linatumia chini ya nusu uniti kwa kilo. Jiko lenyewe ni la chumba cha kwanza. Jumatano na Jumamosi anapikia vyumba vitatu kwa zamu, kila mtu analeta maharage yake yaliyolowekwa, na mnaungia kwenu kwa ladha yenu. Anayepika anasoma mita yake kabla na baada, na uniti hizo zinagawanywa kwa waliokula. Bila hilo, mwenye jiko atachoka mwezi wa kwanza, na atakuwa na haki.

Kama nyumba yenu inapikia mkaa, utaratibu ni huohuo: sufuria moja kubwa lenye mfuniko unaokaa, jiko moja lililokolea, badala ya majiko matatu yanayokolea na kufifia kila moja kivyake.

Maji ya moto. Ndoo ya lita 20 kuifanya vuguvugu la kuoga ni theluthi moja ya uniti. Kwa mtoto na mgonjwa, ni lazima. Kwa wengine, ndoo nyeusi yenye mfuniko ikikaa juani toka saa nne hadi saa kumi jioni inatosha kabisa. Maji ya chai chemsheni mara moja, yaingie kwenye chupa. Ile koili ya kutumbukiza kwenye ndoo naomba muikubaliane iondoke nyumbani. Inaua watu, na mtoto hajui kama maji yana umeme.

Mama lishe na wengine wa biashara. Kuna anayeuza barafu, kuna anayenyoa, kuna anayesaga juisi. Msiwazuie. Wapimwe na walipie uniti zao zote. Kwetu mama lishe alikuwa akilaumiwa kila mwezi. Alipopata mita yake alikuwa wa kwanza kulipa, maana sasa anaweka gharama ya umeme kwenye bei ya sahani.

Mmefanikiwa kama: wiki ya nne jumla ya nyumba iko chini ya wastani wa hatua ya 2, na hakuna chumba kilichokaa gizani.

## Hatua ya 6: Kuchanga kwa namba

Fomula ni moja: uniti za chumba chako, jumlisha fungu lako la vitu vya wote, zidisha kwa bei ya uniti.

Chukua mwezi wenye vyumba sita: uniti 12, 31, 9, 44, 15 na 20. Jumla ni 131. Vitu vya wote uniti 6, kila chumba uniti moja. Nyumba nzima imetumia 137, sawa na shilingi 48,772 kwa bei ya 356. Chumba cha tatu kinalipa uniti 10, shilingi 3,560. Chumba cha nne kinalipa uniti 45, shilingi 16,020. Kwa mtindo wa zamani wa sawa kwa sawa, wote wawili wangelipa zaidi ya 8,100. Muonyeshe mtu namba hizo mbili na hutahitaji kumhubiria.

Pesa zikusanywe kabla, si baada. Kila chumba kinaweka mchango wa mwezi ujao kwa kukadiria mwezi uliopita, na tofauti inasawazishwa. Ukisubiri umeme ukatike ndipo uzunguke kugonga milango, utakuta nusu hawapo.

Nunueni uniti zikibaki 10. Kwa matumizi ya mfano huu hizo ni siku mbili, nafasi ya kutosha mtandao wa malipo ukisumbua. Ujumbe wenye tarakimu 20 utumwe kwenye kundi la nyumba kama ulivyo, pamoja na mistari ya makato. Usiuchape upya kwa mkono. Tarakimu moja ikikosewa tokeni haiingii.

Nyumba ndogo, za vyumba viwili au vitatu, zina lengo jingine la kuliwania. Kundi la D1 ni la wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi, na uniti yake ni shilingi 100 kabla ya makato. Uniti 75 zinatoka shilingi 9,150, badala ya karibu 26,700 za T1. Mkikaa chini ya 75 miezi mfululizo, pelekeni ombi ofisi ya TANESCO ya eneo lenu mkiwa na namba ya mita. Angalieni tu kwamba katika kundi hilo uniti inayozidi 75 ni shilingi 350, ghali kuliko ya mteja wa kawaida, na mkizidisha mnaweza kuhamishwa. Kwa nyumba ya vyumba sita msijidanganye. Hamtafika hapo bila kuishi kwa taabu.

Mmefanikiwa kama: mwezi mzima umepita bila umeme kukatika kwa sababu ya mchango.

## Pakikwama

Mtu hajalipa: msimkatie waya. Ni hatari, na ni ugomvi wa polisi. Uniti zake ziandikwe deni, na sheria ya nani anazimiwa breka na baada ya siku ngapi iandikwe kabla hajapatikana mtu wa kuipimia. Sisi tuliweka siku saba, na mwenye mgonjwa au mtoto mchanga hazimiwi.

Jumla imepanda ghafla: rudieni hatua ya 3 kabla ya kumtaja mtu. Mvua za masika hasa huamsha mavujo yaliyokuwa kimya.

Umeme umekatika mtaa mzima: kila mmoja achomoe pasi na jiko. Tumewahi kukuta pasi imelala juu ya kitanda, umeme ukiwa umerudi saa tisa usiku na mwenyewe yuko zamu ya usiku kazini. Friji lisubiri dakika kumi baada ya umeme kurudi ndipo lichomekwe.

Mpangaji anahama: someni mita ya chumba siku anayotoa vitu, si siku anayorudisha funguo. Mpangaji mpya akishusha godoro lake, mpelekeni kwenye mita kabla hajachomeka kitu, asome namba kwa mdomo wake, aiandike yeye mwenyewe kwenye daftari, tarehe na saa, atie sahihi, na jirani wa chumba kinachofuata atie ya pili.